Kumbukumbu za Usharika: Jinsi ya Kuandaa Diski ya Nje Yenye Neno la Siri
Na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi, Dodoma



Katika ziara za kukagua miradi, swali linalorudi mara kwa mara kutoka kwa makatibu na wahazini wa sharika ni hili: sasa kwa kuwa taarifa nyingi za usharika ziko kwenye kompyuta, tuzihifadhi wapi ili zisipotee, na tuzihifadhi vipi ili zisisomwe na asiyehusika? Makala hii inajibu swali hilo kwa hatua ambazo katibu yeyote anayejua kutumia kompyuta kwa kuandika barua anaweza kuzifuata. Wajumbe wa kamati ambao hawatumii kompyuta nao wanaombwa waisome hadi mwisho, kwa sababu sehemu iliyo ngumu kuliko zote si ya kompyuta. Ni ya uongozi.

Kwa nini kumbukumbu ni mali

Sisi tunaoishi na kufanya kazi Makutupora tunao mfano hapa hapa nyumbani. Visima vya bonde la Makutupora, kaskazini mwa mji wa Dodoma, vimekuwa chanzo kikuu cha maji ya mji huo kwa miongo mingi. Tangu miaka ya 1950 watumishi wa maji walikuwa wakipima kina cha maji katika visima na kuandika. Waliokuwa wakiandika hawakujua maandishi yao yangetumika kwa nini. Baadaye vipimo hivyo vilikusanywa pamoja, na mwaka 2013 jarida la kisayansi la Nature Climate Change lilichapisha utafiti uliotokana na rekodi hiyo ya miaka 55. Utafiti ulionyesha kwamba maji yaliyo chini ya ardhi yetu hayajazwi kidogo kidogo kila mwaka. Hushuka kwa miaka kadhaa mfululizo, kisha hujazwa katika misimu michache ya mvua kubwa isiyo ya kawaida, hasa ile inayoambatana na El Niño.

Jambo hilo lisingeweza kujulikana kwa vipimo vya mwaka mmoja au mitano. Lilijulikana kwa sababu kumbukumbu ziliandikwa na zikatunzwa. Usharika nao una kumbukumbu za namna hiyo: vitabu vya ubatizo, kipaimara na ndoa, mihtasari ya vikao, hesabu za sadaka na ujenzi, mavuno ya shamba la usharika, maji yaliyouzwa katika kioski cha kisima. Zikipotea, hakuna duka linaloziuza.

Kwa nini kumbukumbu ni siri

Lakini sehemu ya kumbukumbu zetu si ya kila mtu. Chukulia kompyuta ya usharika imeibwa usiku. Ndani yake mna orodha ya watoto wanaolipiwa ada, pamoja na picha zao, kijiji na sababu ya kila mmoja kusaidiwa. Mna majina ya watu wanaotembelewa na huduma ya wagonjwa majumbani, na wengine kati yao hawajawaambia hata ndugu zao hali ya afya zao. Mna madeni ya wanachama wa kikundi cha kuweka na kukopa. Kompyuta inaweza kununuliwa nyingine. Mama ambaye ugonjwa wake umejulikana sokoni hawezi kurudishiwa siri yake.

Sheria ya nchi nayo inatuhusu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde zisipotee wala kufikiwa na wasioruhusiwa. Taarifa za watoto na za afya zinahesabiwa kuwa taarifa nyeti. Kwa hiyo kamati haiwezi kusema kwamba jambo hili ni la katibu peke yake.

Diski ya nje ni nini

Diski ya nje, ambayo wengi huiita eksteno, ni kifaa cha ukubwa wa kitabu cha nyimbo kinachounganishwa na kompyuta kwa waya wa USB. Diski ya kawaida ina sahani zinazozunguka kwa kasi na kichwa kinachosoma juu yake bila kuzigusa. Ndiyo maana ikianguka wakati inafanya kazi huweza kufa papo hapo. Vumbi la kiangazi chetu na umeme unaokatika ghafla pia ni maadui zake. Itunzwe ndani ya mfuko, na isichomolewe kabla ya kuiambia kompyuta kwamba unataka kuitoa.

Usishtuke ukinunua diski ya TB 1 na kompyuta ikaonyesha GB 931 tu. Hujaibiwa. Kiwanda huhesabu kwa maelfu, Windows huhesabu kwa 1024, na tofauti hutokea hapo. Wizi wa kweli ni wa diski za bandia zinazoandikwa uwezo mkubwa kwa bei ya kushangaza, huku ndani zikiwa na nafasi ndogo. Diski hiyo hupokea mafaili yote bila kulalamika, kisha ukiyafungua unakuta yameharibika. Nunua kwa muuzaji anayetoa risiti na dhamana. Kabla ya kuiamini, ijaze mafaili yasiyo na maana kisha ufungue ya kwanza, ya katikati na ya mwisho.

Kufomati na kusimba: mambo mawili tofauti

Kufomati ni kuandaa diski ipokee mafaili, kama vile kupanga rafu na kuandika namba za rafu kabla ya kuingiza vitabu. Kusimba ni kugeuza kila kilichoandikwa kiwe fumbo ambalo halisomeki bila neno la siri. Diski iliyofomatiwa lakini haikusimbwa ni rafu nzuri katika chumba kisicho na mlango.

Tuelewe pia kwamba neno la siri la kuwashia kompyuta si kusimba. Mara nyingi mwizi huweza kuitoa diski ya ndani, akaiunganisha na kompyuta nyingine na kusoma kila kitu, kama haikusimbwa. Diski iliyosimbwa akiiunganisha popote haoni kitu. Anaweza kuifomati upya na kuitumia, lakini yaliyokuwamo hawezi kuyasoma.

Katika kufomati utaulizwa aina ya mpangilio. Kuna tatu zinazotajwa sana:

1. FAT32: ni ya zamani na inasomeka karibu kila mahali, lakini haikubali faili moja linalofikia GB 4 au zaidi. Video ya ibada ya saa mbili huweza kukataliwa.
2. NTFS: ni ya Windows, haina kikomo hicho, na huvumilia vizuri zaidi umeme ukikatika. Kompyuta za Mac huisoma lakini kwa kawaida haziwezi kuandika juu yake.
3. exFAT: husomeka na kuandikwa na Windows na Mac pia, na hupokea mafaili makubwa.

Kwa usharika unaotumia Windows peke yake, chagua NTFS. Kama diski itasafiri kwenda kwa wabia wanaotumia Mac, chagua exFAT.

Njia ya kwanza: BitLocker

BitLocker ni programu ya kusimba iliyomo ndani ya Windows yenyewe. Kuna sharti moja. Matoleo ya Windows yanayoitwa Pro, Enterprise na Education yanaweza kusimba diski ya nje. Toleo la Home linaweza kufungua diski iliyosimbwa tayari na kuitumia, lakini haliwezi kuisimba. Kwa hiyo usharika wenye Home unaweza kuandaliwa diski katika ofisi yenye Pro, kisha ukaendelea kuitumia kwao. Toleo lenu mtaliona katika Settings, chini ya System, kisha About.

Hatua ni hizi:

1. Kama diski imewahi kutumika, nakili kwanza kila kilichomo na ukihifadhi mahali pengine. Kufomati kunafuta.
2. Chomoa flashi na diski nyingine zote. Ibaki ile moja unayoiandaa. Hii ni kinga dhidi ya kufomati isiyostahili.
3. Fungua "This PC", bonyeza alama ya diski kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua "Format". Chagua NTFS, na katika nafasi ya jina andika jina lisilotangaza yaliyomo. "Diski A" inatosha. "Watoto Yatima" haifai.
4. Diski ikiwa mpya, acha alama kwenye "Quick Format". Ikiwa imetumika, iondoe alama hiyo. Kufomati kwa haraka ni kama kuchana ukurasa wa yaliyomo katika kitabu: kurasa nyingine zote bado zipo, na fundi huweza kuzisoma. Kufomati kikamilifu huandika upya diski yote na huchukua saa kadhaa.
5. Kazi ikiisha, bonyeza tena diski kwa kitufe cha kulia na uchague "Turn on BitLocker". Katika Windows 11 maneno hayo huenda yakawa chini ya "Show more options".
6. Weka alama penye kutumia neno la siri, kisha liandike mara mbili. Lisipungue herufi 8. Sisi tunashauri liwe refu zaidi, kama inavyoelezwa hapa chini.
7. Utaombwa kuhifadhi ufunguo wa uokoaji. Huu ni mfululizo wa tarakimu 48 unaofungua diski pale neno la siri linaposahaulika. Chapa katika karatasi nakala mbili. Usiuache kwenye kompyuta ile ile, wala usiupige picha kwa simu.
8. Utaulizwa kama isimbwe nafasi iliyotumika tu au diski nzima. Diski mpya, chagua nafasi iliyotumika. Diski ya zamani, chagua diski nzima, ili mabaki ya mafaili ya zamani nayo yasimbwe. Ukiulizwa namna ya kusimba, chagua "Compatible mode", ambayo imewekwa kwa ajili ya diski zinazohamishwa.
9. Anza. Tumia kompyuta ya mkononi yenye betri iliyojaa na iliyochomekwa umeme. Usichomoe diski mpaka uambiwe kazi imekwisha. Ikikubidi kuondoka, tumia kitufe cha kusimamisha.
10. Toa diski kwa utaratibu, ichomeke tena, na uone kama inadai neno la siri. Kisha ijaribu katika kompyuta ya pili. Kisha ifungue kwa zile tarakimu 48 kutoka kwenye karatasi. Ufunguo ambao haujajaribiwa usiuhesabu kuwa ni ufunguo.

Baada ya hatua ya 10 tu ndipo kumbukumbu za usharika ziingizwe.

Njia ya pili: VeraCrypt

Kwa wasio na Windows Pro, au wanaohitaji diski ifunguke katika Windows, Mac na Linux, ipo programu ya bure iitwayo VeraCrypt. Ilianza mwaka 2013 na ndiyo iliyochukua nafasi ya TrueCrypt, ambayo waandishi wake waliiacha mwaka 2014. Ipakueni kutoka kwa wenyewe, si kwa kunakiliana kwa flashi.

VeraCrypt inaweza kusimba diski nzima, lakini kwa sharika hatushauri hivyo. Sababu ni hii: diski iliyosimbwa nzima kwa VeraCrypt ikichomekwa, Windows haiitambui, na hutoa ujumbe kwamba diski inahitaji kufomatiwa kabla ya kutumika. Mtu mwenye nia njema akibonyeza kukubali, kazi ya miaka inaharibika.

Njia salama zaidi ni kufomati diski kwa exFAT, kisha kutengeneza ndani yake kasha, yaani faili moja kubwa lililosimbwa. Unalifungua kwa VeraCrypt na linaonekana kama diski nyingine, unafanya kazi yako, kisha unalifunga. Hapa ndipo uchaguzi wa mpangilio unapoonyesha umuhimu wake, kwani kasha la GB 50 haliwezi kuingia katika FAT32.

Kuna tofauti moja kubwa ya kukumbuka. VeraCrypt haina zile tarakimu 48. Neno la siri likipotea, kasha halifunguki tena, na hakuna fundi wa Dodoma, Dar es Salaam wala Ulaya atakayelifungua.

Neno la siri lenyewe

Neno la siri baya ni lile ambalo mtu anayeufahamu usharika anaweza kulibahatisha: jina la usharika na mwaka, namba ya simu ya mchungaji, mstari wa Biblia unaopendwa, au methali. Lililo jema ni refu, halina maana, na linakumbukika. Chukua maneno matano yasiyohusiana, yatenganishe kwa vistari, kwa mfano mbuyu-redio-chumvi-Jumanne-jembe. (Huo umeshachapishwa, msiutumie.) Maneno kama hayo yakichaguliwa bila mpango, kuyabahatisha ni kazi kubwa mno hata kwa kompyuta, ilhali mzee wa kanisa anaweza kuyashika kwa siku mbili.

Nani ashike ufunguo?

Hapa ndipo penye kazi ya kamati. Mtu mmoja tu akijua neno la siri, usharika uko katika hatari kila anapougua, anapohamishwa au anapofariki. Wakijua watu kumi, hakuna siri. Tunapendekeza hivi:

1. Wanaojua neno la siri wawe wawili, kwa mfano katibu na mchungaji, na majina ya vyeo vyao yaandikwe katika muhtasari wa kikao.
2. Karatasi mbili za ufunguo wa uokoaji zitiwe katika bahasha mbili. Zifungwe, zitiwe sahihi na tarehe juu ya mdomo wa bahasha. Moja ikae katika sefu ya usharika, nyingine ofisi ya jimbo au dayosisi. Kwa wanaotumia VeraCrypt, bahasha zibebe neno la siri lenyewe.
3. Bahasha isikae chumba kimoja na diski. Ufunguo uliofungwa kwenye kufuli ni sawa na mlango wazi.
4. Mmoja wa wale wawili akihamishwa au akimaliza muda wake, neno la siri libadilishwe wakati wa makabidhiano, kama vile sahihi za benki zinavyobadilishwa. BitLocker na VeraCrypt zote zinaruhusu kubadilisha bila kufomati upya.
5. Katika kompyuta inayotumiwa na wengi, msikubali diski ijifungue yenyewe. Anayemaliza kazi aitoe na kuifungia kabatini.

Kile ambacho neno la siri haliwezi kufanya

Kusimba kunazuia macho ya mtu. Hakuzuii diski kuanguka, kuungua, kuingia maji au kuchakaa. Wala hakuzuii virusi, kwa sababu diski ikishafunguliwa kwa neno la siri, kirusi kilichomo ndani ya kompyuta kinaifikia kama wewe unavyoifikia. Kwa hiyo diski moja haitoshi. Ziwe nakala tatu: iliyo katika kompyuta, iliyo katika diski ya ofisini, na iliyo katika diski ya pili inayokaa mbali, yaani katika jengo jingine kabisa. Mwisho wa kila mwezi diski hizo mbili zibadilishane mahali baada ya kunakiliwa upya. Mwizi, moto au mafuriko yakifika ofisini, hasara yake ni ya mwezi mmoja.

Vitabu vya karatasi vya ubatizo na ndoa visitupwe kwa sababu vimepigwa picha. Mchwa wanakula karatasi na umeme unaua diski. Vikitunzwa vyote viwili, kimoja humwokoa mwenzake.

Jambo hili si geni kwa watu wa Biblia. Katika Yeremia sura ya 32, nabii ananunua shamba la Anathothi wakati mji wa Yerusalemu umezingirwa na majeshi ya Babeli. Hati ya ununuzi inaandikwa nakala mbili, moja ikiwa imetiwa muhuri na nyingine ikiwa wazi, mbele ya mashahidi. Baruku anapewa kazi ya kuzitia katika chombo cha udongo ili zidumu. Nakala zaidi ya moja, muhuri, mashahidi, mtu aliyekabidhiwa, na mahali salama: hakuna tunachowaomba wana kamati leo ambacho hakimo katika habari hiyo. Yeremia alitunza hati wakati ambapo shamba lenyewe lilionekana halina faida, kwa kuwa aliamini watu wangerudi kulima.

Ajenda ya kikao kijacho

Tunaomba kila kamati ya usharika iweke mambo haya katika kikao cha robo hii:

1. Kuorodhesha kumbukumbu zilizo kwenye kompyuta, na kuonyesha zipi ni nyeti.
2. Kuamua juu ya diski mbili, na kuziingiza katika daftari la mali za usharika.
3. Kuteua wawili watakaoshika neno la siri na mahali pa bahasha mbili.
4. Kupanga tarehe ya jaribio, angalau mara mbili kwa mwaka, ambapo diski inafunguliwa mbele ya mjumbe wa kamati na mafaili machache yanasomwa.
5. Kukubaliana kwamba hakuna kompyuta wala diski ya zamani itakayouzwa au kutolewa kabla haijafutwa kikamilifu.

Kwa wafadhili na wabia wetu

Mmekuwa mkituuliza kwa haki kabisa jinsi michango yenu inavyotumika, nasi tunawapa hesabu. Tunaomba mambo mawili. La kwanza, mnapokubali bajeti ya kompyuta ya mradi, mkubali pia diski mbili za nje na siku moja ya mafunzo. Ni sehemu ndogo ya gharama, lakini bila hiyo kompyuta ni ghala lisilo na mlango. La pili, mnapohitaji ripoti ya watoto au wagonjwa, mtusaidie kwa kuomba idadi na maendeleo, badala ya majina kamili na picha kwa barua pepe. Mtoto anayesaidiwa leo atakuwa mtu mzima kesho, na ana haki ya kuchagua ni nani ajue kwamba aliwahi kulipiwa ada.

Vipimo vya visima vya Makutupora viliwafaa watu ambao hawakuwa wamezaliwa vilipoanza kuandikwa. Tutunze vyetu kwa namna hiyo hiyo, vidumu kwa ajili ya wajao na viwe siri kwa ajili ya waliotuamini. Sharika zitakazohitaji msaada wa kuandaa diski zao zifike ofisi ya miradi zikiwa na diski mpya, muhtasari wa kikao, na wale wawili walioteuliwa.